Ndimu na Majivu

Nilizipeleka zikimeta.
Usiku kucha nilizisugua, ndimu na majivu,
ndimu na majivu, mpaka vidole vikaniwasha,
maana nimelelewa hivyo: mgeni haonyeshwi sufuria lenye masizi.

Famau ni fundi saa, Langoni,
kibanda chake upana wa mlango na nusu,
saa ishirini ukutani, kila moja na adhuhuri yake.
Hununua pia sarafu kuukuu,
ama huwatafutia wanaonunua; sikumuuliza.
Akabana lenzi jichoni kama anayekonyeza,
akaumwaga mkebe wa bibi yangu juu ya kitambaa cheusi,
akanyamaza.

"Umeziosha?"

Nikaitikia kwa fahari.
Akashusha pumzi, kama aliyesikia kikombe
kikivunjika chumba cha pili.
"Ule weusi, Mwanaheri, ndio uliokuwa ngozi yake.
Miaka sabini imeupika.
Wewe umeuchuna kwa ndimu moja."

"Ndimu nne," nikamsahihisha.

Basi akaanza kutenga.
Huyu simba amebaki mgongo,
makucha yamelambwa na mifuko,
milima nyuma yake imekuwa uwanja:
bei ya fedha iliyomo, kwa gramu, haizidi.
Huyu mfalme ana sikio bado.
Ukiliona sikio, una kitu.
Huyu nyusi zimekwenda. Hii imeng'atwa ukingoni,
na muuza samli, pengine, asiyemwamini mtu.
Reale hii imeandikwa elfu moja mia saba na themanini,
usishangilie: zilipigwa chapa miaka na miaka baadaye,
tarehe ile ile,
kama shangazi anayetaja umri mmoja kila akiulizwa.
Na hizi senti kumi, zilizozaliwa na tundu,
zimejaa kila mkebe wa Amu. "Mpe mjukuu achezee."

Kisha akaokota shilingi
yenye tundu ambalo haikuzaliwa nalo,
tundu la msumari, juu kidogo ya taji.
Akaisogeza dirishani. Akatafuta herufi ndogo karibu na mwaka,
akaipata, akaitazama tena.
"Hii ingekuwa nzima," akasema taratibu,
"ungeezeka paa."
Akaigeuza. "Halafu mchakao wake si wa mfukoni.
Mfuko hula pande zote. Hii imelika mgongo tu."

Nikamwambia: hicho ni kifua cha mama.
Alikuwa wa miezi saba, degedege ikimtupa.
Bibi hakuwa na lenzi.
Alikuwa na msumari, jiwe, uzi mweusi,
na mtoto asiyefumbua macho.

Saa mojawapo ikagonga tisa, ikiwa si tisa.
Famau akaandika daftarini:
*tundu; mchakao upande mmoja; haiuziki.*
Mwandiko wake mzuri, kusema kweli.

Mfalme mwenye sikio nilimwachia
kwa elfu mbili mia tatu. Gesi ilikuwa imekwisha.
Wengine nikawarudisha mkebeni, wakilia kama njugu,
na mlangoni nikauliza:
weusi huo, ukiondoka, hurudi?

"Hurudi. Usiziguse.
Miaka sitini, sabini."

Nimezipanga kwenye kidaka cha juu, bila kifuniko,
hewa ya chumvi ifanye kazi yake.
Mimi nina hamsini na minane.
Nangoja.