Zamu ya Maji

Thuweiba, usinigeuzie ukuta.
Leo sikuja na uji, wala sikuja na mawaidha;
mawaidha umeshapewa na mashemegi zako wote,
kila mmoja na lozi zake kwenye kifuko.
Nimekuja na umbea, na miwani yako
uliyoisahau juu ya friji siku ile ulipoanguka.
Vaa kwanza. Haya.
Unaona nilivyokonda kwa kukuwaza?
Sikukonda. Nilitaka ucheke tu.

Siku waliyokupasua nyonga
ukatoka umelewa dawa, midomo haitulii,
daktari akaniuliza kwa Kiarabu: bibi anasema nini?
Miaka hamsini tuko Ibra,
na Kiarabu chako chote kilikuwa kimekukimbia,
umebaki na Kiswahili cha Wete, cha jikoni kwa mama.
Nikamwambia: anasema punguzeni moto, wali utaungua.
Akaandika. Wallahi akaandika kwenye faili lako.
Hapo moyo ukanishuka mahala pake:
mtu anayekwenda zake haulizi wali.

Sikwambii utapona kesho.
Yule nesi wa Kerala, Bindu, kasema hatua kumi,
kutoka kitandani mpaka mlango wa choo,
nawe jana ulikwenda nne ukasema basi, niacheni.
Nne si haba.
Uliponifunza kushona kofia
siku ya kwanza nilitoboa tundu nne, nikajichoma, nikalia,
ukaniambia: kofia haina haraka, kichwa kipo.
Nakurudishia maneno yako, dada.
Mguu upo.

Naitazama dripu yako:
tone,
kisha tone,
kisha linakawia hata nataka kumwita mtu,
kisha tone.
Falaji gani hii, nyembamba hivi!
Lakini mtende hauulizi upana wa mfereji.
Unangoja zamu yake, unakunywa.

Na zamu, ngoja nikwambie, kabla hujasikia kwa wengine.
Juzi ilifika yetu, saa nane za usiku.
Nikatoka peke yangu na tochi ya simu,
nikazibua pasipozibuliwa,
maji ya nusu saa nzima yakaenda kwa Khalfan.
Mndimu wake sasa unang'aa kama bibi harusi.
Wetu umenuna.
Nikaziba kwa kitenge chako kile cha zambarau,
nisamehe, kilikuwa karibu.
Mimi sijui jiwe lipi linatolewa mwanzo.
Miaka yote hii ulitoa wewe,
mimi kazi yangu kushika taa.

Lia kama unataka. Bindu keshazoea,
na mimi nina kiti hiki cha chuma mpaka watufukuze.
Usiku ukiwa mrefu, usiuhesabu wote;
hesabu mpaka adhana tu, basi.
Kesho hatua tano.
Ukifika tano ukanitukana, nitajua umefika sita.

Zamu itarudi baada ya siku nane.
Hutainama, nimeshasema na kijana wa Khalfan,
anatudai maji, aje na mgongo wake.
Wewe nitakuwekea kiti cha plastiki ukingoni,
shali mabegani, miwani usoni,
nami nitashika taa kama kawaida yangu,
nawe utanyoosha kidole gizani, kwa hasira zako zilezile:
lile. Si hilo, Rayya.
Lile.