Kokwa

Kazi yangu ni sauti.
Mwaka wa kumi na tisa huu nakaa nyuma ya kioo
katika kituo kidogo, kaskazini mwa Shanxi,
ambako treni za makaa hupita bila salamu
na za abiria husimama dakika mbili tu.
"Treni ya Taiyuan inaingia njia ya tatu.
Simameni nyuma ya mstari wa njano."
Watu hunitii bila kuniona uso.

Mwezi wa kumi na moja, baridi imeanza kuuma masikio,
nilisema "njia ya"
na "tatu" ikakataa kupanda.
Ilikaa hapa, chini kidogo ya kimio.
Nikameza. Ikashuka, ikarudi.
Abiria wakatazama juu, kwenye kipaza sauti,
kama watu wanaongoja mvua.

La ajabu, chakula kinapita.
Tambi zinapita na siki yake kali, viazi vinapita,
hata mikate ya mvuke ya mama mkwe, mikavu kama sponji,
inapita bila kupiga hodi.
Mate matupu ndiyo hayapiti.
Nikimeza kitu, hakuna kitu.
Nisipomeza kitu, kipo.

"Ni mfupa wa samaki huo," akasema Baokui, mume wangu,
akaninywesha siki bakuli zima.
Mfupa gani? Tangu sikukuu hatujala samaki.
Usiku nikajipapasa shingo gizani
kama mtu anayetafuta ufunguo katika koti la mwenzake.
Nikamkumbuka baba. Naye alianza hivihivi, kikohozi kidogo tu,
na ngano ilipovunwa tulimzika, sauti yake imekwisha kutangulia.

Daktari wa Datong alikuwa kijana, mikono baridi.
Akapitisha kamera puani, nyembamba kama utambi,
na kwenye skrini nikaliona koo langu kwa mara ya kwanza:
jekundu, lenye unyevu, safi, tupu,
kama ukumbi wa kituo baada ya treni ya mwisho.
"Hakuna kitu, mama."
Nilipaswa kufurahi. Nililia.
Kama hakuna kitu, ni nani basi anayenikaba?

Bi Lou wa duka la mitishamba hakunipima.
Alinitazama tu nikimeza.
"Hilo," akasema, "wazee waliliita kokwa la plamu.
Tunda umekwisha kulila. Kokwa hulitemi, hulimezi."
Akanifungia gamba la mti na majani ya zambarau,
akanitoza yuani arobaini.
Nikiwa mlangoni akauliza, bila kuinua macho kwenye mizani:
"Na ulilila na nani?"

Niliandika jibu nyuma ya ratiba ya zamani,
maana karatasi haina nyusi za kukunja.
Mwezi wa tisa mdogo wangu Huaimin alikuja na fomu za benki
na yale machozi yake ya utotoni.
Nikatia sahihi. Mdhamini: mimi.
Dhamana: nyumba ambamo Baokui hulala
mguu mmoja nje ya blanketi.
Simu ya Huaimin imezimwa tangu mwezi wa kumi.
Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole,
basi sikuomba pole. Niliumeza.
Wengine hugombea donge nono;
hili langu nimepewa bila mshindani.

Jana jioni Baokui alikuwa akimenya vitunguu saumu.
Nikasema, "Kuna jambo."
Kisu hakikusimama. "Koo tena?"
"Koo," nikasema. Kisha nikasema, "Hapana."
Akakiweka kisu chini.

Nje treni ya makaa ikaanza kupita, ndefu,
mabehewa sitini na nane, naijua,
vikombe vikatetemeka kabatini,
nasi tukaingoja iishe, kama wangojavyo wakaao kando ya reli,
midomo wazi kidogo.
Behewa la mwisho likapita.
Bado alikuwa akinitazama.

Nikameza mate.
Lilikuwepo.
Nikasema nalo.