Nauli ya Mvua

Ndeeba, saa moja asubuhi. Misumeno bado imelala.
Opira anauinua ubao kwa ncha moja tu,
ncha ya pili anaiachia ardhi,
anafumba jicho kama mtu anayeonja chumvi.
"Kumi na nusu," anasema. "Nusu ninayo mimi,
nusu inayo ardhi. Zidisha mara mbili."

Mimi nina tepu, kalamu na kalkuleta iliyopasuka kioo.
Futi kumi na nne, upana inchi kumi na mbili,
unene inchi moja, kama randa haijapita.
Nageuza yote kuwa mita, nazidisha,
halafu nauliza jina la mti,
kwa kuwa ubao usio na jina
una ukubwa tu, uzito hauna.
Mvule mkavu: ishirini na moja.
Musizi: kumi na tano, hata mwanafunzi ataubeba.
Mkalitusi uliokatwa juzi: thelathini na tatu,
na bado unalia kila unapopigwa msumari.
Plaiwudi nene: thelathini na mbili,
lakini usiibebe peke yako penye upepo,
itakuvusha barabara ya Masaka bila ridhaa yako.

Shuleni Kayunga, mizani ilikuwa silabi:
nane huku, nane kule.
Ubeti wangu ulipungua moja, nikanyimwa alama.
Nani angejua nitakuja kula kwa mizani?

Mwezi wa nne akaja Ssemwanga na Fuso yake.
Mbao mia mbili za mvule, za kwenda Mbarara.
Nikaandika: kilo elfu nne na mia mbili.
Nikapiga mstari chini. Nikapiga wa pili.
Kisha ikanyesha wiki nzima,
na turubai letu lilikuwa limefunika saruji ya bosi.

Siku ya kupakia, Opira aliinua ncha,
akaitua, akaiinua tena.
"Huu umekunywa," akasema.
Sikugusa karatasi.
Nambari zangu zilikuwa na mwandiko mzuri mno.

Simu ikaja kutoka mizani ya barabarani:
"Elfu tano na sitini! Wewe mwanamke,
mbao arobaini na moja za ziada
nimezipakia lini, usingizini?"

Tulilipa faini. Bosi alikata kwangu, hakukata kwa mawingu.
Tuliilipia mvua nauli mpaka Mbarara,
ikashuka kule bila kuaga,
ikakaukia katika stoo ya mtu nisiyemjua.

Tangu hapo naandika mwisho,
baada ya bega la Opira kusema.
Bega lenyewe limeshuka upande wa kulia;
lile sijalipigia hesabu,
na yeye hajaniomba.

Juzi nilimpeleka Namuyiga kliniki ya Nsambya.
Kwenye benchi nilimnyanyua, nikafumba jicho.
"Sita na robo," nikamwambia nesi.
Akamning'iniza. Mtoto akapiga teke, mshale ukacheza,
ukaenda, ukarudi, ukatulia.
"Sita na nusu. Umekosea, mama."

Nikaigusa nepi.
"Sijakosea, dada," nikasema.
"Hiyo robo ni mvua."