Breki za Gocha

Septemba ile, tukiteremka Rikoti
na masanduku kumi na moja ya zabibu nyuma,
pedali ya breki ikazama kama mguu kwenye tope.
Baba hakusema neno. Aliingiza gia ya pili,
Zhiguli ikapiga ukemi, akavuta breki ya mkono,
akasugua tairi kwenye ukingo wa barabara,
tukasimama Shrosha, shubiri moja tu
kutoka kwenye mitungi ya muuza vyungu.
Mama yule alitutazama, mkono kiunoni:
"Mnanunua, au mnavunja?"
Tulinunua. Mtungi mkubwa tusiouhitaji.
Magurudumu yalinuka kwato zilizoungua.

Uani kwetu Terjola kulikuwa na gari jingine,
la kaka yangu Gocha, dogo kwa letu kwa miaka ishirini,
limesimama juu ya matofali tangu alipokwenda Polandi
kufungasha kuku kiwandani, "msimu mmoja tu."
Misimu sita. Kuku wetu nao
wakawa wanataga kwenye kiti chake cha nyuma.
Kila Pasaka Baba aliliosha,
akaliwasha, akalisikiliza, akalizima.
Sisi wengine tusiguse hata kioo.

Usiku ule alitoka na tochi na spana ya kumi na saba.
Nikiwa kitandani nilisikia nati ya kwanza ikilia,
kisha kimya kirefu,
kisha ya pili.

Diski zetu zilikuwa bapa, nyembamba kama visahani vya chai.
Za Gocha zilikuwa pana, kila moja kama mbili zilizopeana mgongo,
na katikati vichochoro vya upepo.
"Hizi zinapumua," Baba alisema, akipuliza vumbi.
Lakini hazikuoana na letu. Tundu la kati halikulingana na kitovu,
kalipa hazikuwa na pa kushika.
Tukampelekea Anzori mkerezaji,
akakereza, akapima, akatukana, akakereza tena,
akakata mabano mawili kwenye bamba la chuma
lililowahi kuwa mlango wa tanuri.
Hakutaka pesa. Alitaka mtungi.
Baba akakataa, sijui kwa nini, akamlipa pesa.

Kisha rimu zetu, inchi kumi na tatu, zikagoma kuingia,
ikabidi tuchukue na za Gocha, kumi na nne.
Kila tulichochomoa kilimwita mwenzake:
rimu zikaita nati, nati zikaita tairi,
hadi gari la Gocha likabaki tumbo juu ya tofali
na kuku wakalihama.

Jioni nilikaa kwenye usukani.
Yeye alilala chini, na chupa, na mpira mwembamba,
tukitoa hewa kwenye mabomba.
"Kanyaga." Nikakanyaga.
"Shikilia." Nikashikilia.
"Achia."
Viputo vikapanda kwenye mafuta, vidogo, vyeupe.
"Kanyaga. Shikilia. Achia."
Mara arobaini labda, gurudumu baada ya gurudumu.
Mwishoni sauti yake ikawa inakauka kwenye lile neno la tatu,
akawa anasema mawili tu,
la tatu nikajiambia mwenyewe.

Jumapili tulijaribu, barabara ikiwa tupu.
Mtungi tuliujaza maji, tukaufunga mkanda kiti cha nyuma.
Mwendo wa themanini. Baba akagusa pedali
kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa.
Mtakatifu wa kwenye dashibodi akanirukia mapajani.
Maji yakalowesha kiti chote.
Baba akacheka, mara ya kwanza tangu zabibu,
kisha akashusha kioo, akatazama nje muda mrefu.

Usiku Gocha akapiga simu, mashine zikinguruma nyuma yake.
Aliuliza bei ya zabibu, akauliza goti la Mama,
kisha: "Na gari langu?"

Baba alikuwa anaangalia kucha zake,
weusi ambao sabuni haikuuweza.
"Linasimama," akasema.
"Linasimama vizuri sana."