Kibao cha Isevya

Kibao hakijaandikwa kitu; rangi iliishia madirishani.
"Tuandike nini?" kauliza Elazari. Hakujibiwa.

Ijumaa, kabla jua halijazama Tabora,
Zipora huwasha mishumaa miwili.
Umeme ukikatika, ni hiyo hiyo.
Bi Mwamvua huvuka njia na kandili yake,
huketi. Hatumwiti, wala haulizi.

Mtoto wa Shija, fundi baiskeli,
anafuata herufi kwa kidole, kulia kwenda kushoto:
"Kama za madrasa!"
Ndiyo. Kama za madrasa.

Mwaka mpya tulichovya tufaha la Njombe
katika asali ya Sikonge, nyeusi, ingali na moshi.
Tufaha moja, vipande ishirini na saba.
Aliyechelewa
akapewa kikubwa.

Kesho tutanunua rangi. Labda.