Maneno Meupe

Kisilu, fundi friji wa Ngara, alinilipa mia tano na soda
nimpandishe juu.
Nikajaza mkia wa ukurasa wake
kwa herufi nyeupe juu ya weupe:
fundi friji, fundi friji Ngara, friji Pangani,
friji haigandishi, friji inavuja,
mara mia mbili.
Jicho la mtu halikuona kitu.
Mtambo ulisoma yote, ukaamini.

Miezi saba alikuwa wa kwanza Nairobi nzima.
Akakopa pikapu.

Kisha usiku mmoja mtambo ukabadilishwa akili.
Weupe wangu ukaonekana kama doa.
Tukamsaka Kisilu ukurasa wa tatu, wa nane,
tukamkuta wa kumi na nne,
chini ya wauza barafu wa Dubai.
Hakufoka. "Kibaya chajitembeza," alisema,
"na sisi tulitembea mno."
Pikapu ikarudi benki.

Juzi friji yangu iligoma, maziwa yakachacha.
Nikauliza simu: majibu milioni moja, nusu sekunde,
Kisilu hayumo.
Nikashuka hadi Ngara,
nikamwuliza mama aliyekuwa akichambua maharagwe.
Mikono ilikuwa na kazi;
akanionyesha kwa mdomo tu,
mlango wa bluu.