Kikombe cha Podimenike

Saa kumi na moja alfajiri, ubavuni mwa kilima cha Hantana,
Inoka anawasha taa na panya wanageuka.
Thelathini na sita. Mikia yao ina mistari ya wino,
naye anawajua kwa mikia
kama mwalimu anavyowajua watoto kwa miandiko.
Usiku kucha hawakula. Yeye pia hakula:
si kwa ajili ya utafiti, alisahau tu.

Ndani ya chupa, unga wa shina
umelala siku tatu kwenye spiriti
ukatoa rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Amechuja, amekausha, amepima
kwa mizani inayotetemeka hata ukipumua.
Kundi la kwanza, maji matupu.
Kundi la pili, dawa ya famasia.
Kundi la tatu, mti.
Kisha sukari kwa wote, bila upendeleo.
Kisha kusubiri.

Kothala himbutu: mmea unaoparamia miti ya wenzake.
Shina lake huchongwa vikombe.
Usiku unajaza maji, asubuhi yamekuwa mekundu,
unakunywa. Basi.
Mama yake, Podimenike, anacho kimoja,
alikinunua kwa mchuuzi wa kituo cha basi Kurunegala
mwaka ule kidole chake cha mguu kilipokatwa.
Vidonge vya kliniki humeza pia,
ila hivyo havihesabu.

(Sisi kwa Kiswahili tumeuita ugonjwa huu kisukari,
jina moja na ile ndizi fupi ya kumnyamazishia mtoto.
Sijui ni nani aliyetutania hivyo.)

Dakika thelathini. Tone la damu kwenye ncha ya mkia.
Maji matupu: mia moja themanini na nane.
Mti: mia moja thelathini na moja.
Mistari inaachana kwenye karatasi kama ndugu waliogombana,
na Profesa Tennekoon, asiyecheka kabla ya chakula cha mchana,
anagonga meza kwa kidole kimoja.
"Rudia."
Amerudia mara nne.

Jumanne, mama akiwa hekaluni, Inoka akaiba.
Alikwangua kitako cha kikombe kwa ncha ya kisu,
chembe za kujaza ukucha,
akaziandika: sampuli ya arobaini na moja. Jina hakuandika.
Akazipitisha njia ile ile,
spiriti, karatasi ya kuchujia,
hadi kwenye sahani yenye vishimo tisini na sita
ambako kimeng'enya kisichozuiwa hugeuka manjano.

Manjano.
Manjano.
Manjano, sawa na maji.

Labda ni mti mwingine, mchuuzi aliupaka rangi.
Labda ni wenyewe, na miaka saba ya maji
imeukamua hadi tone la mwisho.
Sahani haisemi ni lipi.

Nyumbani, kipimo cha mama: mia moja na kumi na nane.
"Unaona? Nyinyi bado tu mnathibitisha?"

Inoka anatazama meza.
Zamani hapa palikuwa na chai ya maziwa, vijiko vitatu,
na kipande cha hakuru, sukari guru ya kitule,
kikiyeyuka shavuni mwa mama kabla jua halijatoka.
Sasa ni kikombe kwanza.
Mama anakunja uso kwa uchungu ambao haumo,
kisha anatembea hadi kwenye mti wa bo na kurudi
ili maji yashuke vizuri, anasema.
Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi,
kwa mguu wenye vidole vinne.

"Leo ni chungu kweli," anasema mlangoni, akitafuta ndara.

Inoka ana sentensi mdomoni.
Anaigeuza upande huu, upande ule.
"Bado tunapima, Amma."

Katika daftari: *41. Hakuna.*
Kalamu inabaki juu ya nukta mpaka wino unavuja.

Usiku anakijaza yeye mwenyewe,
maji ya bomba, hadi ukingoni,
na kabla ya mama kuamka
anaonja.
Maji.
Anaonja tena.